Kreyo na ordinateri: nani atachora hadithi za watoto wetu?

Karibu kila nyumba yenye televizio hapa Goma, na hata ile isiyokuwa nayo lakini iko na simu moja ya baba, watoto wanaangalia desani anime. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema katuni. Wazazi wanashukuru kwa sababu watoto wanatulia, na mama anaweza kumaliza kusonga bugali kwa amani. Lakini ni wachache wanaojiuliza: zile picha, nani anazitembeza? Na vijana wenye mkono wa kuchora wananiletea swali gumu zaidi: "Baba Pasta, tukijifunza kuchora kwa mkono, si tunapoteza wakati bure? Ordinateri si imekwisha kula ile kazi?"

Swali hili si la mchezo. Kule Ulaya, kijana anayependa kuchora anachagua kati ya shule hii na shule ile. Huku kwetu, kijana anachagua kati ya kreyo na nyundo ya karie. Kama kreyo haina maisha tena, basi nyundo inabaki peke yake. Ndiyo maana nimeona vizuri tuliangalie jambo hili polepole.

Kwanza tujue ginsi kazi yenyewe inavyofanyika. Picha haitembei hata siku moja. Macho yetu ndiyo yanadanganywa. Ukionyeshwa picha nyingi zilizo karibu sawasawa, moja nyuma ya nyingine kwa haraka sana, akili inaziunganisha na unaona mtu anatembea. Katika filamu ya sine, picha 24 zinapita kwa sekunde moja. Wachoraji wengi wanachora 12 tu na kila moja inaonyeshwa mara mbili, ili mkono upumzike kidogo. Piga hesabu sasa: filamu ya dakika 10 inaomba michoro 7,200. Na mnyama anayekimbia nyuma, na mti unaotikiswa na upepo, kila kitu kinachotembea kinaongeza mchoro wake.

Sisi tuliosoma shule ya Biblia tunajua ndugu mdogo wa kazi hii: picha za flanela. Daudi wa karatasi anabandikwa kwenye kitambaa, Goliati anabandikwa mbele yake, kisha mwalimu anamwangusha Goliati kwa kidole, na watoto wa siku ya Yenga wanapiga kelele. Ni karatasi tu, lakini wanaona vita.

Wamarekani walifanya kazi hii kwa mkono kwa miaka mingi. Filamu ndefu ya kwanza ya nyumba ya Walt Disney, ile ya Snow White, ilitoka mwaka 1937. Kila umbo lilichorwa kwenye karatasi, likahamishwa kwenye plastiki nyembamba inayoonyesha upande wa pili, na wanawake wengi, kwa mamia, walikaa mezani kutia rangi. Ilikuwa kama kiwanda cha nguo, ila kinashona picha.

Ordinateri haikuingia kwa mlango wa mbele. Ilianza na kazi ya kuchosha, yaani kutia rangi. The Little Mermaid ya mwaka 1989 ndiyo filamu ndefu ya mwisho ya Disney iliyotiwa rangi kwa mkono kwenye plastiki. Mwaka 1994 ikatoka The Lion King, ile ambayo watoto wetu wanaijua kwa majina ya Simba na Rafiki. Ilichorwa kwa mkono, lakini lile kundi la nyumbu wanaokimbia bondeni na kumkanyaga baba yake Simba lilifanywa na ordinateri, kwa maana hakuna mkono ungeweza kuchora wanyama wengi hivyo, kila mmoja na njia yake. Mwaka uliofuata, 1995, Toy Story ikatoka, filamu ndefu ya kwanza ambayo picha zake zote zilitengenezwa na ordinateri. Mashini 117 zilifanya kazi usiku na mchana, na kulikuwa na picha moja moja iliyozichukua saa nyingi kuimaliza.

Niruhusuni kusimama kidogo kwenye mwaka 1994. Sisi wa Goma hatukuwa na nafasi ya kuangalia Simba. Mwezi wa saba wa mwaka ule, karibu watu milioni moja walivuka mpaka toka Rwanda kwa siku chache tu, kisha kolera ikaingia. Huku tulikuwa tunazika. Kule ng'ambo, lugha yetu ilikuwa inaimbwa kwenye sine. Baadaye nyumba ya Disney ikaandikisha maneno "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya nguo, na mwaka 2003 serikali ya Marekani ikakubali. Watu walipokuja kulalamika kwa wingi, mwaka 2018, ilikuwa imekwisha pita miaka 15. Mimi sisemi tuliibiwa, maana bado tunasema hakuna matata bila kulipa kodi. Nasema hivi: asiyetengeneza picha zake, maneno yake yatatengenezewa picha na wengine.

Turudi kwenye safari yetu. Baada ya Toy Story matajiri waliona ordinateri inaleta pesa zaidi, wakaanza kufukuza wachoraji. Mwaka 2004 Disney ilitoa filamu ya mkono na kusema ndiyo mwisho. Ikajaribu tena mwaka 2009, na mara nyingine mwaka 2011, kisha ikaacha filamu ndefu za namna ile. Mtu angeweza kusema: mazishi yamekwisha, turudi nyumbani.

Lakini marehemu alikuwa anapumua. Mwezi wa tatu mwaka 2024, zawadi ya Oscar ya desani anime bora ilichukuliwa na mzee wa Kijapani, Hayao Miyazaki, mwenye miaka 83, kwa filamu iliyochorwa kwa mkono, The Boy and the Heron. Nilifurahi juu ya ule mzee. Na mwaka 2025 zawadi ileile ikaenda kwa kijana wa Latvia, Gints Zilbalodis, kwa filamu ya Flow, hadithi ya paka kwenye gharika, ambamo hakuna neno hata moja linalosemwa. Hiyo ni ya ordinateri tupu. Lakini sikilizeni: ilifanywa kwa programu inayoitwa Blender, ambayo ni ya bure. Tangu mwaka 2002, mtu yeyote mwenye ordinateri anaweza kuichukua pasipo kulipa hata franka moja. Filamu ile iligharimu kama euro milioni 3 na nusu, na ilishinda filamu iliyogharimu karibu dola milioni 200.

Kwa hiyo aliyeshinda ni nani, mkono au mashini? Mwaka mmoja mkono, mwaka wa pili mashini. Wote wawili walikuwa na jicho na hadithi. Mimi naona wale wanaogombana juu ya chombo wanafanana na watu wanaogombana kama chakula cha makala ni kitamu kuliko cha umeme, huku sufuria iko wazi haina kitu.

Na Kongo yetu? Kuna watu wanadhani desani anime ni mambo ya wazungu na Wajapani tu. Sivyo. Miaka ya 1950 padri mmoja wa shirika la Scheut, Alexandre Van den Heuvel, alitengeneza filamu za Mboloko, yule swala mdogo mwenye akili ambaye babu zetu walisimulia habari zake. Hadithi ilikuwa yetu, lakini aliyeongoza kazi alikuwa mgeni. Ilipita muda mrefu mpaka Mkongo mwenyewe akashika kazi. Anaitwa Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, mzaliwa wa Lubefu, katika Kasai. Alisoma sanaa Kinshasa, na mwaka 1988 akaanzisha studio yake, Malembe Maa. Mwenye kujua Lingala anasikia pale neno malembe, polepole, na jina linafaa kazi. Mwaka 1991 akatoa filamu ya Chura aliyekwenda kwa wakwe zake, kwa Kifaransa Le Crapaud chez ses beaux-parents, iliyotoka katika hadithi za Watetela. Inahesabiwa kuwa desani anime ya kwanza ya Mkongo.

Mwaka uleule, mwezi wa tisa, askari wasiolipwa walianza kupora Kinshasa, na watu wakafuata. Wazee wetu wanakumbuka: mabati, friji, hata milango ilibebwa kichwani. Kibushi hakuwa na ordinateri. Alichukua michoro ya watoto walioona mambo yale kwa macho yao, akaitembeza, na mwaka 1992 ikatoka filamu fupi, Kinshasa, septembre noir. Ninaomba kila mzazi wa eneo la vita alifikirie hili. Kuna jambo ambalo mtoto hawezi kulisema kwa mdomo, lakini ukimpa karatasi analichora. Tumeona hayo katika makambi kuzunguka Goma: mtoto haongei, lakini anachora nyumba inayowaka, na mtu aliyelala, na barabara. Mashini ya namna gani ingeyatoa haya kama mkono wa mtoto haukuanza?

Kibushi hakubaki kwenye karatasi. Mwaka 1999 alifanya Muana Mboka, habari ya mtoto wa barabarani wa Kinshasa, kwa vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha. Ni kazi ya subira kuliko kuvua samaki ziwani.

Majirani zetu nao hawakulala. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kuona Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama wa Afrika zilizotengenezwa Nairobi. Wachoraji wa Tanzania wanaofuata njia ya marehemu Edward Saidi Tingatinga walichora kwa mkono, kwa rangi zao kali na madoa yao, kisha vijana wa Nairobi wakaitembeza ile michoro kwa ordinateri. Pale mkono na mashini vililala nyumba moja pasipo ugomvi. Na Dar es Salaam, tangu mwaka 2014, Ubongo Kids inafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Ni ya ordinateri toka mwanzo. Watoto wa hapa wanaiangalia kwa simu. Wanacheka kidogo Kiswahili cha kule, lakini hesabu wanashika.

Sasa nifike kwenye jambo linalotugusa sisi wa maeneo ya machimbo kuliko watu wote wa dunia. Hiyo ordinateri inayochora imetoka wapi? Ndani yake, na ndani ya simu yako, kuna vitu vidogo kama punje ya mchele ambavyo vinashika umeme na kuuachilia kwa kipimo. Baadhi yake vimetengenezwa kwa tantalo, na tantalo inatoka katika koltani. Rubaya, katika Masisi, safari fupi toka Goma kama barabara ni nzuri, imehesabiwa kutoa karibu 15 kwa 100 ya tantalo ya dunia nzima. Wakubwa kwa umri wanakumbuka mwisho wa mwaka 2000, bei ilipopanda kama moto wa Nyiragongo, watu wakaacha mashamba ya maharagi na ng'ombe, wakaenda kuchimba. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na mashimo yakabaki.

Fikirini basi. Kijana wa Masisi anaingia shimoni, anatoa jiwe. Jiwe linapita kwa wanunuzi, linavuka mpaka, linafika kiwanda cha mbali, linakuwa sehemu ya mashini. Mashini inachora simba anayesema "Hakuna Matata". Filamu inarudi Birere kwenye sine ndogo ya mbao, na mdogo wake yule mchimbaji analipa franka ili aingie. Katika mzunguko huo wote, sisi tuko mwanzoni kama mikono na mwishoni kama macho. Katikati, pale ambapo pesa nyingi inabaki, hatupo. Mimi si mwanauchumi, lakini hesabu hii hata mtoto wa shule ya msingi anaiona.

Kuna wanaosema hata hiyo nafasi ya katikati inafungwa. Tangu mwaka 2022 zimetoka programu ambazo unaandika maneno tu, nazo zinakutolea picha kwa sekunde chache. Zimejifunza kwa kumeza michoro mingi sana ya watu, na wengi hawakuulizwa. Mwaka 2023 wachoraji wa Marekani walipeleka mashtaka kortini juu ya jambo hilo. Kijana mmoja wa hapa aliiomba mashini ya namna ile imchoree mtu wa Goma juu ya chukudu. Ikamtolea kitu kama baiskeli ya mbao, na mtu ameketi kama mzungu kwenye bustani. Tulicheka sana. Mtu wa chukudu haketi! Anapiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma chini, kifua kimeinama juu ya magunia, na kwenye mteremko anageuka kuwa dereva wa ndege. Siku moja mashini itajifunza hata hilo, sikatai. Lakini itajifunza toka kwa nani? Toka kwa mtu aliyekaa kando ya barabara na kuchora alichoona.

Hata bila kwenda kwenye filamu, tuna mfano hapa mjini. Zamani kila duka, kila saloni, kila duka la dawa lilichorewa bango kwa brashi. Mchoraji alijulikana mtaa mzima. Kisha zikaja mashini za kuchapa bango kubwa la plastiki, bei chini, kazi ya saa moja. Wachoraji wengi waliacha. Lakini nimetazama wale wasioacha. Walijifunza ordinateri, na sasa wao ndio wanaoketi mbele ya mashini ya kuchapa, maana mwenye mashini aliona kwamba kijana anayejua tu kubonyeza hajui kupanga herufi wala uso wa mtu. Yule aliyejua brashi alijifunza mashini kwa miezi michache. Aliyejua mashini peke yake bado anatafuta picha za watu wengine azibandike.

Mwaka jana mjane mmoja wa mtaa wetu alikuja kuniona. Mtoto wake ana miaka 14, anajaza ukuta wote kwa makala. Mjomba wa mtoto anafanya kazi karie, akasema atamchukua akasaidie kubeba. Mama alisema: "Baba Pasta, mimi siko na nguvu ya kumukatalia kaka yangu. Na huyu mutoto anajua tu kuchora masanamu. Atakula masanamu?" Nilimwita mjomba. Nilimkumbusha kwamba sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza mtoto kutiwa katika kazi ya namna ile, na kwamba majira ya mvua kila mtu hapa anajua udongo wa machimbo unavyofanya. Mjomba alikuwa mtu wa kweli. Akanijibu: "Pasta, sheria haipiki unga. Ulinipa muchele nikakataa?"

Hilo neno lilinichoma, na lilikuwa haki yake. Hatukumaliza kwa maneno. Tulikwenda kwa mchoraji wa mabango, fundi wa zamani, tukamwomba amchukue mtoto kila siku ya posho baada ya masomo, akisafisha brashi kwanza. Fundi anampa kidogo cha kupeleka nyumbani. Si nyingi. Mjomba alirudi karie peke yake, na mtoto yuko shuleni.

Wazazi, kama una mtoto wa namna hii nyumbani, usimpige juu ya ukuta. Mpe upande mmoja wa ukuta, au mpe kaye iliyokwisha tumika, maana nyuma ya hesabu za mwaka jana kuna nafasi. Njia ya kuanza haiombi umeme. Achukue kaye ndogo yenye karatasi ngumu kidogo. Kwenye kona ya chini ya ukurasa wa mwisho achore mtu wa chukudu. Alaze ukurasa unaotangulia juu yake. Mchoro wa chini utaonekana kidogo, naye achore tena, ila mguu umesogea upana wa punje ya mtama. Aendelee hivyo mpaka ukurasa wa kwanza, kisha ashike kaye kwa mkono mmoja na kuachilia kurasa kwa kidole gumba, toka nyuma kwenda mbele. Mguu utasukuma. Akichoka na kaye, na kama kuna simu nyumbani yenye kamera, kuna programu kama FlipaClip ambayo unaweza kuanza nayo bila kulipa. Inafanya kazi ileile kwa kidole kwenye kioo. Mtoto anayechora michoro 10 kila mangaribi, baada ya juma moja ana 70. Hiyo ni karibu sekunde 6 za filamu, zinatosha chukudu kushuka mteremko wote na kupotea kwenye kona.